Nikifa jukwaani watu wanacheka. Nifanyeje?

FundiCherehani_Moro

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwa wenye uzoefu wa jukwaa. Wa kejeli nao karibuni, nimeshazoea.

Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda hapa Morogoro. Nashona sare za shule, magauni ya sendoff na viraka vya watu wote. Jioni naigiza. Kikundi chetu kina watu tisa, tunafanyia mazoezi darasani wanafunzi wakishatoka, na tunalipwa pale tunapolipwa. Huu ni mwaka wa sita mimi ndiye mtu wa kulia. Filamu nilizoitwa ni nne, moja ilitoka, tatu sijui ziliishia wapi. Humo nimekuwa mjane mara mbili, mama wa marehemu mara moja, na shangazi wa kuzirai makaburini mara moja. Sijawahi kupewa hata nafasi ya muuza duka. Mwongozaji akiniona tu anasema huyu ana uso wa msiba. Basi nikasema sawa, kama kuna watu wa vichekesho maisha yao yote, mimi nitakuwa wa tanzia, yaani michezo ya huzuni.

Sasa shida yenyewe. Mwezi uliopita tulicheza Mfalme Edipode ya Sophocles, mtunzi wa Ugiriki ya kale, kwa tafsiri ya Samuel Mushi. Tuliifupisha kwa sababu ukumbi tulipewa saa moja na nusu. Mimi ndiye Jokasta, malkia anayegundua kwamba Edipode, mume aliyezaa naye watoto wanne, ni mtoto wake mwenyewe wa kumzaa, aliyedhani alishakufa porini akiwa mchanga. Akigundua, anajinyonga.

Mwongozaji wetu akasema watu wa huku wanataka kuona, si kusimuliwa. Kamba ikafungwa kwenye boriti, ikafichwa kwa khanga ya njano, chini ikawekwa stuli. (Kulikuwa na mkanda umenishika kwapani, msiogope.) Nikapanda, nikalia kilio changu chote ninachokijua, nikapiga teke stuli. Stuli haikuanguka. Iliteleza, ikasogea kama futi mbili, ikasimama wima inanitazama. Hapo watu wakaanza kuguna guna. Halafu kutoka benchi za nyuma sauti ya mama mmoja: "Fundi we, usife kwanza! Sare ya mwanangu iko kwako!"

Ukumbi mzima ulilipuka. Edipode wangu alikuwa ameshika pini za kujitoboa macho na mabega yanamtetemeka, amegeukia ukutani. Mimi naning'inia, ulimi nje, nikashindwa. Maiti ikacheka. Ikacheka hadi kamba ikaanza kuzunguka.

Aibu nyingine ilianza hata kabla ya siku yenyewe. Tangazo letu liliandikwa TANZIA kwa herufi kubwa, chini yake MFALME EDIPODE, Jumamosi saa kumi. Watu wawili walinipigia kuuliza mazishi yatakuwa wapi.

Maswali yangu ni haya. Moja, unawezaje kuwashika watu wasicheke kwenye kifo? Pili, machozi. Kuna mwongozaji mmoja wa filamu aliniambia nimfikirie mama yangu, aliyefariki 2021. Nikamfikiria. Tukarudia kipande kile mara kumi na moja, kila mara namfikiria. Siku tatu baadaye nilikuwa siwezi kutia uzi kwenye sindano. Hivyo ndivyo wanavyofanya wakubwa wa kazi hii? Tatu, kwenye kikundi kuna wanaotaka tuache Wagiriki tuigize moto wa Msamvu, lile lori la mafuta la Agosti 2019, wakisema "hapo hakuna atakayecheka". Moyo wangu unakataa ila sina hoja. Pale walikufa watu zaidi ya mia moja, na ndugu zao ndio wateja wangu.

Kibajaji

Swali moja tu. Sare ya mtoto imekwisha?

FundiCherehani_Moro

Imekwisha. Bado elfu tatu yake.

Mzee wa Pazia

Mwanangu, nimefundisha sanaa za maonyesho miaka thelathini na kidogo. Sasa nimestaafu, nafuga kuku Kibaha, na kuku hawajawahi kunicheka. Nitajibu kadiri nijuavyo.

Nianze na mwongozaji wenu. Nani alimwambia Jokasta anajinyonga mbele za watu? Sophocles hakuandika hivyo. Rudini kwenye kitabu. Malkia anaingia ndani bila kusema neno zaidi, na hatumwoni tena. Baadaye anatoka mtu wa nyumba ya mfalme kuja kutusimulia: alipita mbio hadi chumbani huku anajivuta nywele kwa mikono miwili, akajifungia milango, akawa anamwita mumewe wa kwanza aliyekufa zamani. Mfalme akaja akivunja mlango, akamkuta ananing'inia, akamshusha, akachomoa pini za dhahabu kwenye nguo yake, akajipiga nazo machoni. Si mara moja. Tena na tena. Yote hayo ni maneno ya mtu mmoja aliyesimama. Hakuna kamba, hakuna stuli.

Wagiriki walikuwa na mazoea hayo karibu katika tanzia zao zote. Kifo cha kumwaga damu hutokea ndani, nje inakuja habari. Wakitaka maiti ionekane, mlango unafunguliwa na inasukumwa nje juu ya jukwaa la magurudumu ikiwa imeshakufa. Wala si kwamba walikuwa waoga wa damu, maana kwenye sikukuu hiyohiyo walichinja wanyama hadharani. Walijua kitu ambacho stuli yako imekufundisha. Mtu akifa jukwaani, macho ya watazamaji yanaacha kumtazama malkia yanaanza kukagua kazi. Kamba imefungwaje? Anapumua? Mbona kidole kimetikisika? Umewapa fumbo la kufumbua, na wakilifumbua wanafurahi. Kicheko kile kilikuwa cha mafundi wenzako.

Kuhusu machozi. Waigizaji wa Athens walivaa vinyago, wote wanaume, na kwa mchezo mzima waliruhusiwa watatu tu wenye maneno, ukiacha kundi la waimbaji. Mmoja alikuwa Edipode, wawili wakagawana waliobaki wote, malkia, kuhani, kipofu mtabiri, mchungaji mzee. Sasa niambie, chozi la mtu aliyevaa kinyago lina faida gani? Halionekani hata na mtu wa kiti cha mbele. Walichokuwa nacho ni sauti, shingo na mwendo. Inasemekana Sophocles mwenyewe aliacha kuigiza kwa kuwa na sauti ndogo, akabaki kuandika. Tungo zake zilizidi mia moja, zimetufikia 7 kamili.

Lakini nisikudanganye, kuna mmoja aliyefanya kama ulivyoambiwa wewe. Aliitwa Polus, mwigizaji wa tanzia aliyesifika sana Ugiriki. Alifiwa na mtoto wa kiume aliyempenda. Akakaa na msiba mpaka akaona basi, arudi kazini. Mchezo wa kurudia ulikuwa Electra, na humo kuna dada anayekabidhiwa chungu cha majivu akiambiwa ni ya kaka yake. Polus alikwenda kaburini kwa mwanawe, akachukua chungu chenye majivu ya kweli, akapanda nacho jukwaani. Kisa hiki amekiandika Aulus Gellius, Mrumi wa karne ya 2 baada ya Kristo, miaka mamia baada ya tukio. Kinasimuliwa kama cha mara moja. Polus hakuambiwa arudie mara kumi na moja, wala hakuna mtu wa pembeni aliyemwamrisha. Na alichagua mwenyewe siku, baada ya kumlilia mwanawe nyumbani kwanza.

Huyo aliyekuchezea kwa marehemu mama yako alikuwa mvivu. Hakujua kukuelekeza pumzi wala bega, akaona achote kisima kilichokuwa karibu. Ukiona mwingine anakuambia hivyo, mwambie naye amfikirie marehemu wa kwake kwanza.

Sasa Msamvu. Hoja unayoitafuta ina miaka zaidi ya elfu mbili na mia nne. Mji wa Mileto ulianguka mikononi mwa Waajemi mwaka 494 K.K., na Mileto walikuwa ndugu wa Athens. Mtunzi Phrynichus akauandikia tanzia haraka haraka. Herodotus, mwanahistoria wao, anasema ukumbi mzima uliangua kilio. Ungesema huo ndio ushindi wa mtu wa tanzia, sivyo? Wakamtoza faini ya drakma elfu moja kwa kuwakumbusha balaa lao wenyewe, na ikapigwa marufuku mchezo ule kuchezwa tena. Wenzako wana haki, hakuna atakayecheka. Lakini kutocheka siyo kipimo. Mfiwa wa Msamvu hakuja ukumbini, mmemfuata nyumbani.

Nyaraka_Tupu

Mzee heshima yako, ila kila siku Wagiriki. Sisi hatuna watu wa tanzia? Watazamaji wetu wanacheka kwa sababu Edipode si wao. Halafu wengine hawana tu adabu ya ukumbi, tuseme ukweli.

Mzee wa Pazia

Tunao, na mmoja ni wa Kilwa. Ebrahim Hussein, na tamthilia yake Kinjeketile, ya 1969. Kinjeketile wa kwenye historia alinyongwa na Wajerumani Agosti 1905, vita vya Maji Maji vikiwa vimeanza tu. Mtu mwingine angemaliza mchezo kwa kitanzi na ngoma. Hussein anatuacha ndani ya selo. Mjerumani anataka mzee aseme kwamba maji yalikuwa uongo, na mzee anakataa, maana anajua neno hilo litatumika kuwaambia waliobaki kwamba hata sababu ya kupigana ilikuwa uongo. Ameshajua risasi haikugeuka maji, ameshajua wamekufa wengi kwa ajili yake, na bado hawezi kulikana. Kamba hatuioni. Hatuihitaji.

Kwenye riwaya kuna Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe, aliyefariki 2020. Rosa Mistika anajiua. Kazimoto wa Kichwamaji anajiua. Nilipokuwa nafundisha kuna mwanafunzi aliniuliza kama kuna mtu yeyote anayefika salama mwisho wa kitabu cha Kezilahabi. Nikamwambia msomaji, akijitahidi.

Kuhusu adabu, hapana. Niliwahi kufikiri kama wewe. Nilisimamisha mchezo 1988 nikawafokea watu wazima waliolipa kiingilio chao. Walinyamaza, kweli. Walinyamaza mpaka mwisho, hata pale tulipotaka wacheke.

Mwanamatombo

Hodi humu. Mimi si mtu wa jukwaa, ni muuguzi, ila ni Mluguru wa Matombo na hili la kucheka kifo nalijua kutoka nyumbani.

Dada Fundi, wewe uko Morogoro. Umekwenda misiba mingapi ambayo watani hawakuwepo? Babu yangu alipofariki nilikuwa darasa la sita. Bibi alikuwa amekaa siku mbili kwenye mkeka, hali, halii, ametoa macho tu. Wanawake wanamsihi alie, halii. Siku ya kuzika akatokea mtani wetu mmoja, kavaa koti la babu na kofia yake, sijui aliyatoa wapi. Akaanza kutembea kama babu. Babu alikuwa na mguu mmoja unaoburuta, na kabla ya kuongea lazima akohoe mara mbili. Yule mtani anaburuta mguu, anakohoa mara mbili, anawafokea wachimba kaburi: "Nyie! Mbona fupi? Mnataka nikunje magoti hadi kiama?" Watu hoi. Akaenda mpaka mbele ya bibi, akamwambia, "We mwanamke, mbuzi wangu umewafunga?"

Bibi akacheka. Alicheka kwa sauti, kisha kicheko kikakatika katikati, kikawa kilio, na hapo ndipo alipolia kwa mara ya kwanza. Wanawake wote wakadaka. Nimesikia vilio vingi wodini, ila kile sijakisahau.

Kwa hiyo mimi nauliza tu, kama asiyejua. Huyo mama aliyepiga kelele za sare si alikuwa anafanya kazi ya mtani? Kwenye mchezo wenu mtani alikuwa nani? Kama hamkumweka, basi mtu lazima angejitolea.

Mtu_wa_Ogrodowa

Nimeamka saa tisa usiku kwa zamu, nikakuta mada hii, nimeshindwa kupita.

Niko Łódź, Poland, mwaka wa saba. Nilikuja kusoma, nikaanza na ile shule ya kuwafundisha wageni Kipolandi, ambayo kwa miaka mingi imepokea Waafrika. Karibu na nilipopanga kuna barabara ya Ogrodowa na makaburi ya zamani. Jumapili moja ya Novemba mwenye nyumba wangu, bibi wa miaka themanini, akaniambia twende nikuonyeshe ndugu yako. Nikadhani ni Mtanzania kafariki. Kumbe ni Ira Aldridge.

Huyu ndiye mtu wa tanzia hasa, dada, mtafute. Mweusi wa New York, alizaliwa 1807, utumwa ungali upo Marekani. Akaona kule jukwaa la maana hatapewa, akavuka bahari kwenda Uingereza akiwa kijana mdogo. 1825 akaanza kuonekana London. Mwaka 1833 Edmund Kean, aliyekuwa mfalme wa tanzia kwa Waingereza, alianguka jukwaani katika ukumbi wa Covent Garden akiwa anacheza Othello ya Shakespeare, akamwangukia mwanawe aliyekuwa anacheza naye, na wiki chache baadaye akafa. Aprili ya mwaka huohuo, Kean akiwa bado mgonjwa, wakampa Aldridge nafasi ya Othello palepale. Magazeti ya London yakamtukana rangi yake, wengine wakakasirika hata kwamba alimshika mkono mwigizaji wa kike mzungu. Usiku mbili tu, basi, ukumbi ukafungwa kwake. Akaenda mikoani, miaka na miaka. Kuanzia 1852 akavuka tena, akazunguka Ujerumani, Hungaria, hadi Urusi. Alikuwa anaongea Kiingereza, wenzake jukwaani wanamjibu kwa Kijerumani au Kirusi, na watu wanalia. Alicheza pia Macbeth na Lear, akijipaka weupe usoni. Alifia hapa Łódź Agosti 1867 akiwa ziarani, akazikwa hapahapa.

Sasa sababu ya kuandika haya. Nimesoma hiyo habari ya mtani hapo juu nikaruka kitini. Aldridge alikuwa na kawaida, akimaliza Othello, amemuua mke na kujiua, watu wanafuta macho, pazia linashuka. Halafu linapanda tena, anatoka yuleyule kwenye mchezo mfupi wa kuchekesha, sasa ni mtumishi anayeitwa Mungo, amelewa, anaimba. Usiku huohuo, mtu yuleyule, kwa tiketi ileile. Mungo aliandikwa kumdhalilisha mtu mweusi, hilo tusilifiche, na sijui mtu alijisikiaje kutoka huku kuingia kule. Ila waliomwona walishangaa hasa hilo, kwamba koo lililotoka kuwaliza ndilo hilohilo linawachekesha.

Na Mzee wa Pazia atanisahihisha, ila hata kwa Wagiriki mtunzi alileta tanzia tatu na wa nne ni mchezo wa mashetani wenye mikia, wa kucheka na upuuzi.

Mzee wa Pazia

Sina la kusahihisha. Watu wa mikia waliitwa satiri, nusu mtu nusu mnyama, walevi wote. Na neno lenyewe la Kigiriki la tanzia lina mbuzi ndani yake, ni kama kusema wimbo wa mbuzi, na mpaka leo wataalamu wanagombana mbuzi aliingiaje. Kwa hiyo babu yake Mwanamatombo na mbuzi zake hakuwa mbali.

Nilifundisha habari za satiri miaka yote ile kama kiambatisho tu, dakika kumi za mwisho, kabla ya kengele. Sikuwahi kumfikiria mtani. Na kwetu Pwani nimezikwa na watani wangapi, maana nimeshawahi kuzimia nikadhaniwa nimekufa, lakini hiyo siku nyingine.

Fundi, mpeni mtani kazi. Na huyo wa kuleta habari ya kifo msimpe mtu anayejua kulia. Mpeni anayejua kusimulia.

Kibajaji

Kwa kusimulia ajali hamna anayetuzidi sisi wa vijiweni. Tena ukitaka na bei ya spea tunaweka.

FundiCherehani_Moro

Shikamoo Mzee, na wote asanteni. Nimekaa kimya wiki tano kwa sababu kulikuwa na la kufanya. Naleta majibu.

Msamvu tumeiacha. Niliwasomea kikundi ile habari ya faini, na mmoja wetu, ambaye sikujua kumbe alipoteza binamu pale, akasema tu "asanteni", akatoka nje kuvuta hewa. Hatukuongea zaidi.

Edipode tumerudia Jumamosi, ukumbi mwingine, mkubwa kidogo. Tangazo safari hii limeandikwa MCHEZO WA KUIGIZA, na bado kuna mmoja alipiga simu kuuliza kama kutakuwa na pilau.

Kibajaji, hutaamini. Mjumbe tumempa dereva wa bodaboda. Anaitwa kwa jina la kijiweni, nalihifadhi. Alikuwa anatubebea vifaa tu. Siku ya mazoezi mwongozaji alimwambia aingie akilia, anapiga kifua. Akashindwa, akawa anatia aibu. Mimi nikamwambia hebu tuambie kama umetoka kuona ajali pale daraja la reli na umekuja kutuambia sisi tunaomjua marehemu. Akanyamaza. Akavua kofia ngumu akaishika tumboni. Akaanza taratibu, tena akitazama chini, "Mama amepita hapa. Mimi nilikuwa mlangoni. Alikuwa hanioni." Maneno mengine ni ya kitabuni, mengine yanamtoka mwenyewe. Akifika pale kwenye kamba anasita, anatafuta neno, mkono wake unachora duara dogo hewani, kama kitu kinachozunguka polepole. Hatukumfundisha huo mkono. Mwongozaji alitaka aongeze sauti, tukamkatalia sote kwa pamoja, kwa mara ya kwanza tangu kikundi kianze.

Mtani tukampa yule kaka mnene anayechezaga polisi. Anatoka kabla mchezo haujaanza, kavaa koti la mfalme kinyumenyume. Anawasalimia watu kwa majina, anawachokoza viongozi waliokaa mbele, halafu anasema, "Tangazo. Wenye sare kwa fundi, fundi leo hayupo, leo ni malkia. Njooni Jumatatu na hela zenu." Walicheka mpaka wakapiga benchi. Hilo neno tukawa tumelitumia wenyewe. Na mwisho kabisa, Edipode akishaondoka na macho yake yamefungwa kitambaa chekundu, anatoka tena, anatuiga mmoja mmoja tunavyotembea. Mimi aliniiga ninavyopita mbele ya watu nimeshika nywele. Nilikuwa pembeni nikacheka hadi nikakaa chini.

Katikati, kijana wa bodaboda aliposimulia, sijui niseme nini. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nimevua viatu, nakunywa maji ya kwenye kopo. Nilisikia tu. Kuna mtoto alilia akanyamazishwa. Kuna kiti kililia. Kingine hakuna. Nikaogopa hata kumeza.

Machozi sikutumia. Nilifanya lile la pumzi, Mzee, ulilonieleza kwenye ujumbe wa faragha, la kutoa hewa yote kabla ya kuongea. Nikageuka nikaondoka. Mama yangu nilimwacha apumzike.

Si kwamba kila kitu kilikwenda. Kinyago cha kipofu mtabiri kilimwangukia begani, akamaliza ubashiri akiwa amekishika kama kikapu, na hapo walicheka, na sisi tukawaacha.

Jumatatu asubuhi yule mama wa sare akaja kibandani. Kumbe alikuja Jumamosi tena, na dada yake. Akakaa kwenye benchi, sketi ya mtoto iko mapajani, anaigeuza geuza anakagua pindo. Akasema, "Safari hii umejinyonga kweli, fundi. Miguu yako ilivyokuwa inazunguka zunguka, mimi nilifumba macho."

Nikamwambia mama, mimi sikuonekana. Nilikuwa nyuma ya pazia nakunywa maji.

Akaniangalia kama muuzaji anayemficha bei. Akasema, "Nimekuona." Akatoa elfu tatu, akakunja sketi, akaondoka.